Kabla ya Kuomba Stagi kwa ARE: Historia ya Umeme Wetu na ya Wale Walioshika Kalamu



Siku hizi wadogo zetu wa unif wananiuliza swali moja: namna gani mtu anaomba stagi kwa ARE? Kwa wale bado kuisikia, ARE ni Autorité de Régulation du secteur de l'Électricité, ofisi ya serikali yenye kazi ya kusimamia sekta ya umeme katika inchi yetu. Mwanafunzi wa sheria anauliza kama atapokelewa. Wa ekonomia naye vilevile. Na kuna mmoja aliyenitupia ya kuchekesha: "We yaya, uko agronome, utaenda kufanya nini kule? Kulima mihindi chini ya piloni?"

Jibu fupi mnalijua: barua ya kuomba, CV, kopi ya matokeo, barua ya fakulte. Hiyo haijazi hata ukurasa mmoja. Jibu refu ni historia, na ndiyo nataka tuisome pamoja leo. Maana barua nyingi za stagi zinafanana kama mayai: "nina heshima kubwa ya kuja mbele ya mamlaka yenu", kisha hakuna kitu. Mtu anaomba kuingia katika ofisi asiyojua ilizaliwa kwa sababu gani. Na ofisi hii ilizaliwa kwa sababu ya jambo moja: kwa muda mrefu, waliopanga umeme uende wapi na kwa bei gani hawakuwa wale waliokaa gizani.

UMEME ULIKUJA KWA AJILI YA SHABA

Hapa kwetu Katanga umeme mkubwa haukuletwa ili mama apike bukari. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa 1906. Mwanzoni ilikuwa inayeyusha shaba kwa moto wa tanuru. Baadaye ikaingia katika elektrolizi kule Shituru, Likasi, na elektrolizi inakula umeme mwingi sana. Ndiyo maana 1925 ikaundwa Sogefor, kampuni ya nguvu za maji ya Katanga, na 1930 mtambo wa Mwadingusha ukaanza kuzunguka kwenye maporomoko ya mto Lufira. Kisha Koni 1950, kwenye mto huohuo. Kisha Nzilo kwenye Lualaba mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Nseke 1956.

Angalieni majina ambayo mitambo hiyo ilipewa: Francqui, Bia, Delcommune, Le Marinel. Yote majina ya Wabelgiji. Mito ilikuwa yetu, mikono iliyochimba ilikuwa ya babu zetu, lakini jina kwenye ukuta na kalamu kwenye meza vilikuwa vya wengine.

Na umeme huo ulikwenda wapi? Kwanza kwa migodi na viwanda. Katika miaka hiyo ya 1950 laini kutoka Nseke ilivuka hata mpaka, ikafika Kitwe, kulisha migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, ile tunaita leo Zambia, wakati bwawa la Kariba lilikuwa bado kumalizika. Maana yake: umeme wa Lualaba ulijua njia ya kwenda inchi ingine kabla ya kujua njia ya kwenda nyumba nyingi za cité.

Sasa mwanafunzi wa ekonomia asikilize hapa. Sogefor ilikuwa mtoto wa Union Minière. Anayeuza na anayenunua walikuwa wa nyumba moja. Wakipanga bei, wanapanga mezani kwao, kama vile baba anamuuzia mutoto wake. Mtu wa tatu, yule wa Katuba au wa Kenya anayetaka taa moja tu, hakuwa na kiti kwenye meza hiyo. Hakukuwa na msimamizi kati yao kwa sababu hakuna aliyefikiri kwamba kuna kitu cha kusimamia.

WALIOSOMA WALIKUWA WAPI?

Mtu anaweza kusema: basi Wakongomani wangeomba kazi huko ndani, wabadilishe mambo. Kuomba kwa diploma gani? Lovanium ilifunguliwa 1954 kule Léopoldville. Chuo kikuu cha Elisabethville, ambacho leo ni UNILU yetu, kilifunguliwa 1956, mwaka uleule wa mtambo wa Nseke. Tarehe 30 Juni 1960 tulipopata uhuru, Wakongomani wenye diploma ya chuo kikuu katika inchi nzima walikuwa hawafiki 30. Chukua hesabu hiyo uiweke kwenye auditoire moja ya leo: hawajazi hata viti vya mbele.

Kwa hiyo mitambo hiyo minne ilikuwa hapa Katanga, lakini mwanafunzi Mkongomani wa kuomba stagi kwenye biro ya wahandisi hakuwako. Kijana wetu aliweza kuvuta kamba, kupanda kwenye piloni, kupaka mafuta kwenye mashini. Hesabu ya maji, ya nguvu na ya pesa ilifanywa na wengine. Nataka mkumbuke hiyo mnapolalamika kwamba diploma haina faida. Tuko kizazi ambacho kina watu wa kutosha wa kukaa kwenye meza ile. Shida yetu imekuwa ingine.

SNEL: MCHEZAJI NA MWAMUZI NI MTU MMOJA

Mwaka 1970 serikali iliunda SNEL. Katika miaka iliyofuata SNEL ilimeza kampuni za zamani, na Sogefor ikiwa ndani. Inga I ikafunguliwa 1972, MW 351. Inga II ikafuata 1982, MW 1.424. Kwa vijana waliotoka unif wakati ule, kuingia SNEL ilikuwa heshima: nyumba, mshahara, jina. Wazee wetu wengi walisomesha watoto wao kwa mshahara wa SNEL, na hatuwezi kuwadharau.

Lakini tazameni umbo la mambo. SNEL ndiyo ilitengeneza umeme. SNEL ndiyo ilisafirisha. SNEL ndiyo iliuza, ikaleta faktiri, ikakata. Na mtu akiwa na mashtaka juu ya SNEL, alikwenda kushtaki kwa SNEL. Serikali ilikuwa mwenye kampuni na pia mwenye sheria. Ni kama match ya Lubumbashi Sport na Saint-Éloi Lupopo, kisha mwamuzi anavaa jezi ya timu moja.

Mfano mkubwa ni laini ya Inga mpaka Kolwezi. Iko na urefu wa karibu kilomita 1.700, na ilimalizika mwanzoni mwa miaka ya 1980. Ilijengwa kwa deni kubwa ili umeme wa Inga ufike kwenye migodi ya Shaba, kama mkoa wetu ulivyoitwa wakati ule. Wachambuzi wengi wanasema pia kwamba Mobutu aliitaka ili Shaba isisahau kwamba roho yake inashikwa kutoka Kinshasa. Laini hiyo inapita juu ya vijiji vingi, na vijiji hivyo havikuunganishwa. Ni laini ya kusafirisha nguvu nyingi mbali sana, na kuishusha kijijini kunahitaji mitambo ya bei kubwa ambayo hakuna aliyepanga kuilipia. Mtu amekufa mzee akitazama nyaya hizo juu ya shamba lake la mihogo, na usiku anawasha kibatari.

Ufundi ulikuwa tayari kusafirisha umeme kilomita 1.700. Kilichokosekana ni mtu mwenye kazi, kwa sheria, ya kuuliza: na hawa wa chini, je?

MIAKA SITA YA KUTOKA KARATASI MPAKA OFISI

Konstitisyo ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 48, inasema kwamba haki ya kupata nyumba nzuri, maji safi ya kunywa na umeme inalindwa. Soma vizuri: umeme ni haki, umeandikwa pamoja na maji. Lakini haki bila mtu wa kuifuata ni mapambo.

Ndipo ikaja sheria namba 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014. Wakati huo namba iliyokuwa inatajwa kila pahali ni kwamba watu 9 kwa 100 tu ndio walikuwa na umeme, katika inchi yenye nguvu ya maji ya karibu MW 100.000. Sheria hiyo ilifungua sekta: SNEL haiko tena peke yake, kampuni zingine zinaweza kutengeneza na kuuza. Na ukifungua mlango kwa wauzaji wengi, unahitaji mtu wa kusimama kati yao na wanunuzi. Dekreti ya tarehe 21 Aprili 2016 ikaunda ARE. Kazi yake, kwa lugha nyepesi: kuchunguza maombi ya konsesio na leseni, kufuata bei, kulinda mutumiaji, na kupatanisha watu wakigombana juu ya umeme.

Lakini ofisi ilibakia kwenye karatasi. Viongozi walitajwa 2020 tu. Hesabu: sheria 2014, dekreti 2016, watu 2020. Miaka sita. Kwa hiyo mnapoomba stagi kule, mnaomba kwa ofisi ambayo ni changa. Bado haijazeeka, bado inajifunza desturi zake. Na desturi ya namna gani vijana wanaingia ni moja kati ya zile zinazoandikwa sasa.

Mkurugenzi mkuu aliyetajwa 2020 ni Sandrine Mubenga, mhandisi wa umeme. Amesimulia mara nyingi mbele ya watu kwamba alipokuwa kijana aligonjwa appendicite kule Kikwit, akahitaji kupasuliwa, na hospitali haikuwa na umeme. Operesheni ilingojea mpaka mafuta ya jenereta yapatikane. Baadaye akasoma umeme mpaka doktora katika University of Toledo, Marekani. Simulizi hilo linaonyesha kwamba meza ya kusimamia umeme inaweza kukaliwa na mtu aliyeumizwa na kukosa umeme. Kwa inchi iliyoanza na Francqui na Delcommune, hiyo si kitu kidogo.

KAZI YA MWANAFUNZI: WAPI ILITOKA, NA SISI TUIFANYE NAMNA GANI

Chuo hicho cha Toledo kina sheria moja ya maana kwetu: mwanafunzi wa uhandisi anapaswa kufanya vipindi vya kazi katika kampuni au ofisi kabla ya kumaliza, na analipwa. Mfumo huo unaitwa co-op, na ulianza 1906 katika University of Cincinnati, kwa wazo la mwalimu Herman Schneider. Aliona kwamba kuna mambo ambayo ubao hauwezi kufundisha, na kwamba wanafunzi wengi walikuwa wanahitaji pesa ya kusomea. Mwaka 1906! Mwaka uleule Union Minière ilipozaliwa hapa.

Kule Kanada, ofisi ya taifa ya kusimamia nishati iko Calgary, na ofisi za serikali kama hiyo zinaajiri wanafunzi kupitia programu moja ya inchi nzima. Mwanafunzi anaandikisha masomo yake na uwezo wake kwenye orodha moja. Ofisi ikihitaji mtu, majina ya kupelekwa kwake yanachaguliwa kwa bahati nasibu kati ya wale wanaotimiza masharti. Na kazi inalipwa. Sisemi kule ni mbinguni. Nasema kuna mtu alikaa akafikiri: namna gani mutoto wa mtu asiyejulikana naye aingie?

Kwetu sisi, njia ya kawaida ni stagi ya masomo. Fakulte inatoa barua, unazunguka na dosie kutoka biro mpaka biro, mara nyingi bila malipo, hata ya transport. Nilipeleka dosie yangu ya lisansi katika ofisi moja ya umma, sitaitaja. Mtu wa mapokezi hakufungua hata bahasha. Aliniuliza: "Nani alikutuma?" Nikasema nimejituma. Akacheka: "Ile kazi iko na benyewe." Wengi kati yenu mnajua sentensi hiyo kwa moyo.

Lakini kifungu cha 13 cha konstitisyo yetu kinakataza kumbagua Mkongomani katika kupata masomo na kazi za umma kwa sababu ya dini yake, ukoo wake, hali yake, pahali anapoishi, mawazo yake au kabila lake. Kwa hiyo weka vifungu viwili pamoja: 48 kinasema umeme ni haki, 13 kinasema mlango wa ofisi ni wa wote. Tukikubali swali la "nani alikutuma", tunarudia umbo lilelile la 1930: meza ya watu wa nyumba moja, wakipanga mambo ya wote.

AGRONOME ANAFANYA NINI KWENYE UMEME?

Sasa namjibu yule mdogo wa mihindi na piloni.

Bwawa la Mwadingusha lilifunika bonde kubwa la Lufira likazaa ziwa la Tshangalele. Watu wakaacha mashamba yao, wengine wakawa wavuvi. Maji yanayozungusha turbini yanapita kwanza kwenye ardhi, na udongo unaomomonyoka kwenye vilima vya juu unaishia ndani ya bwawa. Nani amesomea udongo? Agronome.

Pili, makala. Familia ya Lubumbashi isiyo na umeme, au yenye delestaji kila siku, inapika kwa makala. Makala ni miombo iliyokatwa, na kila mwaka magunia yanatoka mbali zaidi. Saa moja ya umeme iliyokosekana Kampemba ni mti ulioanguka pahali fulani. Nani amesomea kuhesabu msitu? Agronome.

Tatu, mashini ya kusaga. Mkulima anauza mihindi mibichi kwa bei ya chini kwa sababu kijijini hakuna nguvu ya kusaga wala ya kukausha. Ofisi inayochunguza bei ya umeme wa vijijini inapaswa kujua mkulima anaweza kulipa mwezi gani, maana pesa yake inakuja wakati wa mavuno, haiji kila tarehe 30.

Kila mmoja afanye hivyo na somo lake. Wa sheria asome konsesio. Wa sosiolojia aende kuuliza watu wa kartier wanaoungana kwenye kompteri moja wanagawanaje faktiri. Wa ekonomia achukue kesi ya Mwadingusha yenyewe: mitambo ilichakaa, ikatengenezwa upya kwa pesa ya mradi wa shaba wa Kamoa, mashini zikarudia zote 2021 na nguvu ya MW 78, na SNEL inarudisha deni hilo kwa kupunguza faktiri za mgodi. Ni mpango wenye akili, maana bila pesa hiyo mashini zingebaki kimya. Lakini swali la 1930 limerudi mlangoni: nguvu ngapi kwa mgodi, nguvu ngapi kwa cité, na nani anahakikisha? Hilo ndilo swali la msimamizi. Mwanafunzi anayeweza kuliandika vizuri katika barua yake ameshaanza kazi.

BASI, BARUA YAKO

Ondoa nusu ya heshima na utukufu, weka mambo matatu. Moja, umeme wa komini yako unatoka wapi, unafika saa ngapi kwa siku, na watu wanalipa nini. Nenda uulize, andika kwenye daftari kwa wiki mbili, ukitaja tarehe. Mbili, kifungu kimoja cha sheria ya 2014 ulichosoma mwenyewe, na namna kinavyogusa ulichokiona. Tatu, kazi moja ndogo unayoweza kuwafanyia kwa miezi miwili au mitatu: kupanga mashtaka ya watumiaji, kuchora karte, kuhesabu makala. Barua ya namna hiyo hata msomaji mchovu ataisimamia.

Na peleka kopi mbili. Omba muhuri wa kupokea kwenye yako, na tarehe juu yake. Mtu akikuuliza nani alikutuma, onyesha barua ya fakulte, taja kifungu cha 13 kwa adabu, bila kelele. Hawatakupokea wote. Lakini muhuri na tarehe ni ushahidi kwamba uliomba, na ofisi inayopokea mamia ya maombi yenye muhuri haitasema kesho kwamba vijana hawakutaka.

Kwetu association naleta pendekezo moja: tuandikie ARE kwa pamoja, tuombe itangaze nafasi za stagi kwa wakati mmoja kila mwaka, pamoja na masharti yake, na isaidie hata transport ya wale wanaotoka mbali na Kinshasa. Mwanafunzi wa Kalemie au wa Kindu hawezi kupanda ndege kwa ajili ya stagi ya bure.

Usiku, umeme ukirudi, watoto wa kartier zetu zote wanapiga kelele moja: "Courant imekuya!" Wanashangilia kana kwamba ni zawadi. Kifungu cha 48 kinasema ni haki yao. Mwenye barua aanze kuiandika wiki hii, na mwenye habari ya nafasi au ya mtu wa kuongea naye kule ailete hapa kwa wote, asiifiche mfukoni.